Jim Henson: Fundi wa vikaragosi aliyewapeleka watoto kwenye fasihi kwa njia ya kicheko

MTOTO wa miaka minne hawezi kusoma tamthilia ya Shakespeare wala riwaya ya Hemingway, na hakuna mwalimu atakayethubutu kumlazimisha. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mamilioni ya watoto wamekutana na majina ya kazi hizo kabla hawajajua kuandika majina yao wenyewe.

Aliyewakutanisha nazo hakuwa profesa wala mkutubi. Alikuwa zimwi la rangi ya samawati, lenye manyoya tele na uchu usiokwisha wa biskuti, lililoketi kwenye kiti cha kifahari na kujifanya bingwa wa fasihi. Nyuma ya zimwi hilo kulikuwa na mtu mmoja mrefu, mpole, mwenye ndevu na sauti ya chini, ambaye jina lake lilikuwa James Maury Henson. Ulimwengu ulimjua kama Jim Henson.

Henson alifariki mwaka wa 1990 akiwa na umri wa miaka 53 tu. Swali alilotuachia lingali linawashughulisha walimu wa fasihi hadi leo: je, kuufanyia mzaha utunzi mkubwa ni kuudhalilisha, au ni kuufungulia mlango?

Mtoto wa Mississippi

Henson alizaliwa Septemba 24, 1936, katika mji wa Greenville, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Babake, Paul Henson, alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na serikali. Utoto wake wa mapema ulipita katika mji mdogo wa Leland, mahali penye vijito na vinamasi, ambapo vyura hawakuwa kitu cha kushangaza.

Bibi yake mzaa mama alikuwa hodari wa kuchora na kushona, na ndiye aliyemtia kijana huyo moyo wa kupenda kazi za mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1940 familia ilihamia jimbo la Maryland, karibu na jiji kuu la Washington. Huko ndiko Henson alikokutana na kifaa kilichobadilisha maisha yake: runinga. Inasimuliwa kwamba aliwasumbua wazazi wake bila kuchoka hadi wakakubali kuinunua.

Ni vyema ifahamike kwamba Henson hakuanza kwa kupenda vikaragosi. Alichokitamani ni kufanya kazi kwenye runinga. Mnamo 1954, angali mwanafunzi wa shule ya upili, alipata habari kwamba kituo kimoja cha runinga mjini Washington kilihitaji vijana wa kuchezesha vikaragosi. Alikwenda maktaba, akasoma vitabu kuhusu sanaa hiyo, akatengeneza vikaragosi vyake na kuajiriwa. Kipindi chenyewe hakikudumu, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Koti kuukuu na mpira wa mezani

Mwaka huohuo alijiunga na Chuo Kikuu cha Maryland. Somo la vikaragosi lilifundishwa katika kitivo cha sayansi kimu, na hatimaye Henson alihitimu shahada katika fani hiyo mwaka wa 1960. Kufikia wakati huo kazi yake ya runinga ilikuwa imemletea kipato cha kutosha hivi kwamba alikwenda kwenye mahafali yake ndani ya gari la Rolls-Royce alilolinunua likiwa limekwisha kutumika.

Utajiri huo ulitokana na kipindi kifupi cha dakika tano kilichoitwa Sam and Friends, kilichoanza mwaka wa 1955 na kuendelea hadi 1961. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Jane Nebel, mwanafunzi aliyekutana naye darasani. Walifunga ndoa mwaka wa 1959 na kujaliwa watoto watano.

Katika kipindi hicho ndimo alimozaliwa Kermit, ambaye baadaye alikuja kuwa chura mashuhuri kuliko wote duniani. Henson alimshona kutokana na koti kuukuu la mamake la rangi ya kijani, na macho yake akayatengeneza kwa mpira wa mchezo wa tenisi ya mezani aliougawa vipande viwili. Kikaragosi hicho cha kwanza kimehifadhiwa katika makavazi ya taifa mjini Washington.

Ubunifu wa Henson haukuwa katika ushonaji pekee. Wachezeshaji wengine walikuwa wakijificha nyuma ya kibanda cha mbao, na kamera ikielekezwa kwenye kibanda. Henson alikitupa kibanda. Alitambua kwamba fremu ya runinga yenyewe ni jukwaa tosha, na kwamba mchezeshaji anaweza kujificha chini yake huku akijitazama kwenye skrini ndogo ili ajue mtazamaji anaona nini. Badala ya nyuso za mbao zisizobadilika, alitumia sponji na kitambaa ili uso uweze kukunjamana, kuduwaa na kununa.

Mwaka wa 1958 alizuru Ulaya na kugundua kwamba huko vikaragosi havikuchukuliwa kuwa mchezo wa watoto tu, bali sanaa yenye heshima kama uchoraji na tamthilia. Alirudi nyumbani akiwa ameamua kwamba hiyo ndiyo kazi ya maisha yake. Mnamo 1963 aliihamishia kampuni yake jijini New York, na huko akajiunga naye kijana Frank Oz, aliyekuwa mwandani wake wa kazi hadi mwisho.

Darasa la mtaani

Wakati huo, mtayarishaji wa runinga Joan Ganz Cooney alikuwa akitafuta jibu la tatizo zito. Watoto wa familia maskini nchini Marekani walikuwa wakiingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao, ilhali nyumbani walitumia saa nyingi mbele ya runinga. Cooney alijiuliza kama chombo hicho kilichowauzia peremende kingeweza kuwauzia herufi na nambari pia. Wakfu za Carnegie na Ford pamoja na serikali ya Marekani zilitoa takriban dola milioni 8, na kipindi cha Sesame Street kikapeperushwa kwa mara ya kwanza Novemba 10, 1969.

Henson alisitasita kujiunga. Alihofia kwamba angebandikwa jina la mtumbuizaji wa watoto na kufungiwa humo daima. Hatimaye alikubali, na matokeo ya utafiti yakamfanya kuwa nguzo ya kipindi. Wanasaikolojia walikuwa wameshauri kwamba vikaragosi visichanganywe na watu halisi, wasije watoto wakakanganyikiwa. Vipindi vya majaribio vilipoonyeshwa kwa watoto mjini Philadelphia mnamo Julai 1969, ilibainika kwamba watoto waliacha kutazama kila vikaragosi vilipotoweka. Ushauri huo ukatupiliwa mbali. Henson na mafundi wake wakaunda ndege mkubwa wa manjano, Big Bird, na Oscar anayeishi ndani ya pipa la taka, ili waishi mtaani pamoja na watu.

Si wote walioshangilia. Mwezi Mei 1970, tume ya runinga ya elimu ya Mississippi, jimbo alikozaliwa Henson, ilikataa kukipeperusha kipindi hicho kwa sababu kiliwaonyesha watu weusi na weupe wakiishi pamoja kama majirani. Habari hizo zilipofichuka na kuchapishwa magazetini, tume iliona haya na kubatilisha uamuzi wake baada ya wiki chache. Nchini Uingereza, shirika la BBC nalo lilikikataa mwaka wa 1971 kwa hoja tofauti, likishuku mtindo wake wa kuwafunza watoto.

Zimwi laingia maktabani

Tangu mwaka wa 1971, runinga ya umma ya Marekani ilikuwa na kipindi cha watu wazima kilichoitwa Masterpiece Theatre, kilichoonyesha tamthilia za Kiingereza zilizotokana na riwaya na historia. Mtangulizi wake alikuwa mwanahabari Alistair Cooke, mzaliwa wa Uingereza, aliyeketi kwenye kiti kikubwa huku amezungukwa na vitabu, akieleza kwa utaratibu na heshima kile ambacho mtazamaji angeona.

Mnamo 1978 waandishi wa Sesame Street walimvisha Cookie Monster koti la kiungwana, wakampa kiko na jina la Alistair Cookie, na kumketisha kwenye kiti kama hicho. Sehemu hiyo iliitwa Monsterpiece Theater. Zimwi hilo lilikuwa limebuniwa na Henson mwaka wa 1966 kwa ajili ya tangazo la vitafunio. Sasa likawa mhakiki wa fasihi. Frank Oz ndiye aliyelichezesha na kulipa sauti, na mwishoni mwa utangulizi lilikuwa likikitafuna kiko chake.

Mtindo wa kuiga kazi mashuhuri kwa mzaha huitwa parodi na wataalamu wa fasihi. Kila parodi ya zimwi hilo ilibeba somo. Mchezo wa Kiingereza kuhusu matajiri wanaoishi ghorofani na watumishi wao walio chini uligeuka kuwa Grover akipanda na kushuka ngazi hadi akaishiwa pumzi, ili mtoto ajue tofauti ya juu na chini. Hadithi ya kijasusi ya John Buchan, ambayo jina lake lina hesabu ya vidato 39, ikawa somo la kuhesabu. Grover alipofika juu hakukuta siri yoyote ila ukuta wa matofali.

Riwaya ya Ernest Hemingway ya mwaka wa 1952 kuhusu mzee na bahari ikawa kisa cha mzee na herufi C, kwa kuwa kwa Kiingereza jina la herufi hiyo na neno la bahari hutamkwa sawasawa. Katika sehemu za baadaye, watu wawili wa Samuel Beckett wanaomsubiri mgeni asiyefika waligeuka kuwa vikaragosi viwili vikimsubiri Elmo chini ya mti, hadi mti wenyewe ukachoka na kuondoka.

Mizaha hii ilikuwa na ngazi mbili. Mtoto alicheka kwa sababu Grover amechoka. Mzazi alicheka kwa sababu aliijua tamthilia inayofanyiwa dhihaka. Hilo halikuwa jambo la bahati. Watayarishaji walifahamu kutokana na utafiti kwamba mtoto hujifunza zaidi mzazi anapoketi kando yake na kuzungumza naye kuhusu anachokiona, na walihitaji chambo cha kumfanya mtu mzima asiondoke sebuleni.

Haki ya kila mtu itajwe. Henson hakuandika sehemu hizo mwenyewe. Hata hivyo, njia ilikuwa yake. Tangu siku za Sam and Friends alikuwa akiwaigiza wasomi na watangazaji waliojiona wakubwa. Kwenye Sesame Street yenyewe alimvisha Kermit koti la mwanahabari na kumtuma kuwahoji wahusika wa ngano na nyimbo za watoto, ambao kila mara waliharibu hadithi jinsi sote tunavyoijua. Mtoto aliyekuwa akiijua ngano halisi ndiye aliyecheka zaidi.

Jukwaa la London

Kufikia katikati ya miaka ya 1970, hofu ya Henson ilikuwa imetimia: mashirika makubwa ya runinga ya Marekani yalimwona kuwa mtu wa watoto. Alitengeneza vipindi viwili vya majaribio vya watazamaji wa rika zote, vyote vikakosa mnunuzi. Aliyemwokoa ni Lew Grade, mfanyabiashara wa runinga wa Uingereza, aliyempa studio huko Elstree, karibu na London. Penye nia pana njia.

The Muppet Show ilianza mwaka wa 1976 na kumalizika 1981 baada ya vipindi 120. Ilionyeshwa katika nchi zaidi ya 100. Mcheza baleti Rudolf Nureyev alikubali kucheza na nguruwe aliyevaa vazi la mchezo huo. Mwaka wa 1979 Kermit alikuwa Robin Hood, huku Miss Piggy akifura kwa hasira kwa kunyimwa nafasi ya mchumba wake. Mwaka wa 1980 kipindi kizima kilitolewa kwa kisa cha Alice cha Lewis Carroll, na kikavurugika kama ilivyotarajiwa.

Mgeni aliyeacha alama ya kina ni mwanamuziki Harry Belafonte, ambaye mwaka wa 1959 alikuwa miongoni mwa Wamarekani mashuhuri waliomsaidia Tom Mboya kuchangisha pesa za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya katika vyuo vya Marekani. Belafonte aliimba wimbo uliotokana na simulizi alizozisikia nchini Guinea, akizungukwa na vikaragosi vilivyofanana na vinyago vya Kiafrika. Henson hakufanya mzaha hapo. Mafundi wake walivichunguza vinyago kwa makini wasije wakaikejeli imani ya watu.

Hapo ndipo tofauti ya Henson na wachekeshaji wengi inapojitokeza. Alijua cha kuchekwa na cha kuheshimiwa. Mwaka wa 1987 alianzisha The StoryTeller, mfululizo wa ngano za kale za Ulaya, baada ya bintiye mkubwa Lisa kusomea fasihi simulizi chuoni Harvard. Ngano hizo hazikugeuzwa vichekesho. Zilisimuliwa kwa utulivu na mzee aliyeketi kando ya moto na mbwa wake, zikiwa na giza na hofu zake zote.

Kushindwa na kuondoka

Maisha yake hayakuwa ushindi mtupu. Filamu yake Labyrinth ya mwaka wa 1986, iliyogharimu takriban dola milioni 25, ilipata karibu nusu tu ya fedha hizo katika kumbi za Marekani na kumvunja moyo sana. Mwaka huohuo yeye na Jane walitengana. Kipindi chake kipya cha 1989 kilikatizwa mapema. Mwezi Agosti mwaka huo alitangaza mpango wa kuiuza kampuni yake kwa Disney ili aondokewe na mzigo wa biashara na kurudi kwenye sanaa.

Hakuishi kuuona mwisho wa mpango huo. Mwezi Mei 1990, baada ya kumtembelea babake huko North Carolina, alirudi New York akiwa mgonjwa. Alidhani ni mafua, na inasemekana hakutaka kuwasumbua watu. Alipokubali kupelekwa hospitalini alfajiri ya Mei 15, bakteria za streptokoka zilikuwa zimeenea mwilini mwake. Ni ugonjwa unaotibika kwa dawa za kuua bakteria ukiwahiwa. Aliaga dunia usiku wa kuamkia Mei 16, chini ya saa 24 baada ya kufika hospitalini.

Alikuwa ameacha maagizo kwamba asiwepo mtu wa kuvaa nguo nyeusi katika ibada yake. Waombolezaji walifurika katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana jijini New York wakipunga vipepeo vya sponji vilivyofungwa kwenye vijiti. Big Bird aliimba wimbo wa Kermit, na Belafonte akauimba tena ule wa vinyago. Mazungumzo na Disney yalivunjika mwezi Desemba mwaka huo. Ni mwaka wa 2004 ndipo Disney ilipowanunua Kermit na wenzake. Wahusika wa Sesame Street walikuwa wamechukuliwa na shirika la kipindi hicho mwaka wa 2000.

Kicheko kama ufunguo

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka wa 1992 mwanawe Brian aliongoza filamu ya vikaragosi iliyotokana na kisa cha Krismasi cha Charles Dickens cha mwaka wa 1843. Kikaragosi Gonzo alijifanya kuwa Dickens mwenyewe na kusimulia kwa kutumia sehemu nyingi za maneno ya mwandishi huyo, naye Michael Caine akamwigiza bahili Scrooge kwa uzito uleule ambao angeutumia mbele ya waigizaji wa kibinadamu. Kuna wapenzi wengi wa Dickens wanaoihesabu miongoni mwa tafsiri aminifu za kitabu hicho.

Mbegu hiyo ilifika pia pwani yetu. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Tanzania ilipata Kilimani Sesame, toleo la Kiswahili lililowafunza watoto wadogo herufi, nambari na jinsi ya kujikinga na malaria.

Wapo walimu wanaohofia kwamba mwanafunzi akizoea mzaha hatautafuta utunzi wenyewe. Hofu hiyo ina msingi, kwani parodi isiyo na kitabu nyuma yake ni kelele tupu. Mwanafunzi aliyetazama kichekesho akaishia hapo hajasoma fasihi, na mtihani utamuumbua.

Lakini mfano wa Henson unaonyesha upande wa pili. Dhihaka haichekeshi mpaka mtu ajue kinachodhihakiwa, na kwa hiyo humdai mtazamaji arudi kwenye chanzo. Mtoto aliyemwona Grover akikwea vidato 39 hakuwa amesoma kitabu. Alichopata ni jina la kitabu, na hisia kwamba fasihi si mali ya wazee waliovaa makoti ya kifahari peke yao. Miaka 10 baadaye, mwalimu anapoliandika jina hilo ubaoni, halimtishi tena.

Huenda hiyo ndiyo hesabu ya haki ya maisha ya mwana huyo wa Mississippi. Hakukitoa kitabu mikononi mwa mwalimu. Alimwandalia mwalimu mwanafunzi asiyekiogopa kitabu, kisha akaondoka, akiwaachia walimu kazi iliyosalia.